Jumamosi Nilizozipiga Mistari

Wiki iliyopita mmoja wenu, vijana mliobaki ofisini, aliniuliza Mholanzi alitumia kiasi gani kuanzisha kampuni hii ya mawe hapa Kisii. Nilimwambia nimesahau. Sikuwa nimesahau. Nilijua akipata jibu ataliandika, aende zake, na afikiri ameelewa. Gharama iliyonila mimi haikuandikwa popote, kwa hiyo naiandika sasa, nimeshastaafu, chai yangu iko mbele yangu, na moyo wangu bado unaruka nikisikia gari likipunguza mwendo nje ya lango.

Nilianza kazi kwa Bwana Pieter miaka michache baada ya uhuru. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mahakama, mtu wa kunakili kesi za mipaka na ng'ombe wa mahari, na nilidhani nimeshaona karatasi za kila aina. Bwana Pieter alikuwa mtu mrefu, mwembamba, aliyekwenda kijiji cha Tabaka kuwatazama wachongaji wa mawe ya sabuni akasahau kuondoka. Alitaka kununua bakuli, sahani na wanyama wa mawe, avifunge kwa majani makavu ya migomba, avipeleke kwao vikauzwe. Siku ya kwanza alinikuta nimesimama mlangoni mwa chumba alichopanga mjini, nyuma ya duka la vitambaa, nimevaa koti la harusi yangu. Ndani kulikuwa na meza, taipureta, na kopo la biskuti lililojaa barua za serikali ambazo hakuwa amezifungua.

"Zakaria," aliniambia kwa Kiswahili alichookota kwa wachongaji, "mawe mimi jua. Karatasi mimi ogopa. Sasa wewe taogopa kwa mimi."

Nilicheka kwa adabu, nikidhani ni mzaha wa Kizungu. Nilipofungua barua mbili tatu za kwenye kopo nikaacha kucheka. Alikuwa amenieleza kazi yenyewe, yote, kwa maneno machache kuliko mkataba.

Nianze na jina. Nairobi walilikataa jina la kwanza la kampuni kwa sababu lilifanana na la watu wengine, na la pili kwa sababu ambayo hawakuitaja. Kila jina lililokataliwa lilikuwa safari ya kwenda na kurudi, na kila safari nilirudi nikijua nimekosea ila sijui wapi. Baada ya jina kulikuwa na wakili wa kuandika katiba ya kampuni, stempu, mhuri, mkaguzi wa hesabu wa kuja kila mwaka kukunja uso, leseni ya biashara, leseni ya halmashauri, na idhini ya bodi ya ardhi kwa ule uwanja wa kufungia mizigo. Mwenyeji aliomba leseni akapewa au akanyimwa. Mgeni ilibidi kwanza aeleze kwa nini yuko hapa na si kwao. Bwana Pieter aliniambia kwamba Uholanzi nako ameandikisha kampuni ndogo ya kupokea mizigo, na huko unakaa kwenye kiti kizuri, wakili wa mihuri anakusomea karatasi nzima kwa sauti mpaka usinzie, unalipa, unakwenda nyumbani.

"Kule pesa tu," alisema. "Hapa pesa na tumbo."

Tumbo lililouma lilikuwa langu. Karatasi iliyoniuma zaidi ilikuwa ya dhamana. Ili mgeni apewe kibali cha kukaa na kufanya kazi, kampuni iliweka serikalini pesa za kumsafirishia kwao siku atakapoamriwa kuondoka. Yaani Bwana Pieter alilipia nauli ya kufukuzwa kwake kabla hajauza bakuli hata moja. Barua ile niliipiga taipu mimi, na nilipofika kwenye maneno "akiamriwa kuondoka" niligeuka nikatazama mlango, kana kwamba wameshafika.

Nisingeweza kazi hiyo bila Mzee Salim. Alikuwa karani wa wakili mmoja pale mjini, Mwislamu aliyezaliwa karibu na msikiti na kuzeekea karibu na msikiti, na alikuwa amepeleka faili katika madirisha ya serikali tangu mimi nikiwa shuleni. Kila Ijumaa baada ya swala alipita kwangu kunywa chai na kunikagua. Alinifunza kutoa nakala tatu na kutomwachia mtu karatasi halisi bila risiti. Alinifunza nisiondoke dirishani mpaka wino wa mhuri ukauke mbele ya macho yangu. Na juu ya tarehe alikuwa mkali kuliko mwalimu wa Ukristo.

"Tarehe ya mwisho si yako, mwanangu," alikuwa akisema. "Hiyo ni yao. Yako wewe ni wiki mbili kabla."

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mtu akiuiba mhuri wa kampuni anaweza kuiuza kampuni nzima mkiwa mmelala. Ule mhuri wetu mnaoujua, wa chuma, wenye mpini wa kukandamiza. Kuanzia siku hiyo niliubeba kwenda nao nyumbani Mosocho kila jioni, ndani ya kikapu cha mke wangu Kerubo, chini ya ndizi. Miaka mitatu niliubeba. Kerubo alisema ameolewa na mwanamume anayelala na chuma.

Mkisoma haya mnaweza kudhani nilikuwa mwoga wa kuzaliwa. Sivyo. Hebu fikirini mji ulivyokuwa. Mwenye duka la vitambaa mbele yetu, mgeni naye, ambaye baba yake alizikwa hapa hapa, alipata barua kwamba leseni yake haitaongezwa. Alipewa muda wa kumaliza shehena yake. Niliwaona wanawe wakikunja vitambaa na kuvitia kwenye masanduku, na asubuhi moja duka likawa na jina lingine juu ya mlango. Halafu nchi jirani ikawafukuza wageni wake kwa maelfu, redio ikasema, na wachongaji wa Tabaka wakaanza kuniuliza kila nikifika, wakiniita kwa jina langu la nyumbani, "Makori, Omosongo wetu, huyu mzungu, naye ataenda lini?" Kulikuwa na familia nyingi pale ambazo karo, chumvi na mabati ya nyumba zao vilitoka kwenye yale mawe. Bwana Pieter akiondoka, mawe yangerudi kuwa mawe tu. Basi kila nilipoifungua ile faili ya kibali niliwaona watu wale wote wamekaa ndani yake.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mnajua mimi ni Msabato, na mama yangu alikuwa Msabato kunishinda. Nyumbani kwetu Sabato ilipoanza, Ijumaa jua likizama, hata kisu cha kumenyea ndizi kilifichwa. Nilipopewa daftari la tarehe la ofisi, jambo la kwanza nililofanya ni kuchukua rula na wino na kupiga mistari miwili juu ya kila Jumamosi, Januari mpaka Desemba. Nilifanya hivyo kila mwaka, na ninakiri nilijivuna. Wengine waliisema imani yao, mimi niliipigia rula. Tarehe ya kazi ikiangukia Jumamosi sikuwa na mahali pa kuiandika, kwa hiyo niliiandika Jumatatu. Kwa leseni za hapa Kisii hakuna aliyewahi kunisumbua, maana karani wa dirisha lile naye alikuwa Msabato wa Nyamache, na Jumatatu alinipigia mhuri bila neno.

Mwaka huo kibali cha Bwana Pieter kilikuwa kinaisha Jumamosi. Januari, nikihamisha tarehe kutoka kwenye faili kuingia kwenye daftari, nilikuta kisanduku kimefungwa kwa mistari yangu mwenyewe. Nikaiandika Jumatatu. Na zile wiki mbili za Mzee Salim? Nilizihesabu kutoka hiyo Jumatatu, halafu barua ya mkaguzi wa hesabu ikachelewa, na bila hiyo barua ombi lisingepokelewa. Ilipofika zilikuwa zimebaki siku chache. Nikajipangia kusafiri Jumapili nifike dirishani Jumatatu asubuhi, siku ile ile ya mwisho, huku nikijilaumu kwamba nimechelewa mno.

Ijumaa Mzee Salim alikuja kama kawaida. Nilikuwa nimetandaza faili mezani. Alikunywa chai kidogo, akavuta kibali kwa kidole, akavaa miwani.

"Makori, hebu nisomee tarehe hii."

Nikamsomea.

"Na leo ni tarehe ngapi?"

Nikajibu, na nilipokuwa bado nalitamka jibu nikaelewa. Nikakaa. Siku nyingi nimejaribu kuieleza hofu ile. Haikuwa ya kichwani. Ilianzia magotini ikapanda, na ilipofika mdomoni nilionja chuma, kama nimelamba ule mhuri.

"Kinaisha kesho," nilisema. "Mzee, kibali hiki kinaisha kesho."

"Kesho mpaka saa sita mchana, wakifunga dirisha," alisema. "Baada ya hapo mzungu wako yuko nchini bila karatasi, na dhamana yake wanayo tayari." Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Alinyanyuka, akachukua kofia yake. "Mwambie akiingia tu. Usimkaribishe kiti kwanza, wala usimpe habari za mawe. Mwambie."

Bwana Pieter alikuwa akija saa tisa kila Ijumaa kuchukua bahasha za mishahara ya wachongaji. Nilikuwa na saa nzima ya kungoja. Nilifikiria kutoroka, nawaambia ukweli. Nilifikiria kusema kwamba barua ya mkaguzi ndiyo iliyotuponza, na uongo huo ungekaa vizuri kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Nilijua pia kwamba kuna gari moja tu linaloweza kufika Nairobi kabla ya dirisha kufungwa, nalo ni Volkswagen yake, na kwamba atakayesimama dirishani na faili ni katibu wa kampuni, ambaye ni mimi, siku ya Sabato. Sijawahi kufanya kazi siku hiyo tangu nizaliwe.

Aliingia na vumbi la Tabaka kwenye nyusi. Nilisimama nikamwambia yote, na rula na mistari, mpaka Jumatatu niliyojitungia. Alichukua kibali akakisoma, akafungua daftari la tarehe, akatazama Jumamosi ile yenye mistari miwili, kisha akafunua Jumamosi ya nyuma yake, na ya nyuma yake.

"Jua nashuka saa ngapi?" aliuliza.

Nilidhani anahesabu mwanga wa barabarani. "Saa kumi na mbili na nusu, Bwana."

"Basi iko saa tatu na nusu. Andika."

Niliandika. Niliharibu fomu ya kwanza kwa kuweka karatasi ya kaboni kichwa chini, na ya pili kwa jasho. Alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwangu, akigeuza kifaru kidogo cha mawe mkononi. Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa ziwa nilipotoa mhuri kikapuni nikakandamiza nakala ya tatu. Nikafunga faili kwa kamba, nikavaa koti.

"Twende, Bwana. Nitasimama dirishani mimi."

"Kesho siku yako."

"Kesho ndiyo mwisho, Bwana. Makosa ni yangu."

"Kesho siku yako," alirudia, akaichukua faili mkononi mwangu. "Mimi takwenda."

Nilipaswa kung'ang'ania. Nilisema "Bwana" mara moja tena, kwa sauti ndogo, na gari likaondoka. Mnataka kujua nilichohisi? Raha. Nilihisi raha ya mtu aliyeachiwa, na aibu ikaja mbio nyuma yake. Amri yenyewe ya Sabato inamtaja hata mgeni anayekaa kwako kwamba siku hiyo naye apumzike, na mimi nilikuwa nimemtuma mgeni wangu barabarani kwa kosa langu, jua likizama.

Kesho yake kanisani Mosocho sikusikia neno. Saa nne nilimwona kichwani mwangu amesimama dirishani. Saa sita nilimwona amefungiwa dirisha. Tulipotoka, mtu mmoja alinisalimu, "Bwakire, Makori, nasikia Omosongo wako amefunga safari?" Nikajibu kwamba amekwenda kununua msasa. Jumapili hakurudi. Kerubo aliniwekea chakula akakiondoa.

Jumatatu nilifungua ofisi nikiwa nimeshaandika barua ya kujiuzulu kichwani. Saa tatu askari akaingia. Alisimama, akavua kofia, akaniuliza kama mwenye kampuni yupo. Nikasema hayupo. Akauliza atarudi lini. Nikasema sijui, na hapo nikaona sina haja ya kusimama tena, nikakaa, nikamnyooshea mikono yote miwili juu ya meza anifunge pingu. Askari akaitazama mikono, akanitazama usoni. Mkubwa wake alikuwa anahamishwa, na walitaka kumnunulia sahani ya mawe ya kuagana. Nilimuuzia kwa bei ya chini sana.

Bwana Pieter alirudi Jumanne alasiri. Ndevu zimemwota, shati ni lile lile la Ijumaa. Aliweka kibali mezani. Kilikuwa kimeongezwa, lakini kwa miezi sita badala ya miaka miwili, na dhamana wameipandisha.

"Miezi sita," alisema. "Andika tarehe."

Akaenda Tabaka kuwalipa wachongaji ambao walikuwa wamemngoja siku nne. Barua yangu ya kujiuzulu niliitoa kichwani nikaiandika kweli, nikaiweka juu ya taipureta yake. Kesho yake niliikuta mezani kwangu, ameitumia kufungia kijiko cha mawe, kama karatasi ya mizigo. Mambo ya Nairobi alinieleza miezi mingi baadaye, na kwa kukatakata. Jumamosi alikaa kwenye benchi tangu dirisha lilipofunguliwa mpaka lilipofungwa, kisha akaambiwa aje Jumatatu. Tangu saa sita ile hakuwa na karatasi. Hakuthubutu kuingia hotelini kwa sababu hotelini wangeomba pasi. Jumapili nzima alikaa ndani ya gari kando ya uwanja wa kanisa, faili magotini, na kila mtu aliyevaa sare akipita alijifanya anasoma.

"Mimi liogopa sana," aliniambia, kama mtu anayekiri wizi.

Januari iliyofuata nilinunua daftari jipya la tarehe nikiwa nimeapa kutopiga mistari tena. Ningeziacha Jumamosi wazi, niandike tarehe za serikali mahali pake, Mungu ataelewa. Nilipolifungua nikakuta amenitangulia. Kwenye kila Jumamosi, zote za mwaka mzima, kwa mwandiko wake wa kuinama, kulikuwa na maneno matatu: Leo mimi ogopa. Tarehe za kazi zilizoangukia siku hizo alikuwa ameshazitoa kwenye faili na kuziandika mwenyewe, chini yake. Ilikuwa hivyo kila mwaka mpaka nikastaafu. Madaftari yako kwenye rafu ya pili, nyuma ya sampuli za masanduku, kama kuna asiyeamini. Siku sita zilizobaki za wiki nilizibeba mimi, na sijawahi tena kukosea hata moja, na sijawahi tena kulala vizuri usiku wa kuamkia yoyote.

Desemba mliponiaga mlimwona akinipa kifurushi kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Mlipiga makofi mkidhani ni bakuli. Nami nilidhani hivyo, nikakibeba kwa uangalifu. Nyumbani nikakuta ni daftari la tarehe la mwaka huu. Kiswahili chake kimenyooka siku nyingi, mnamsikia wenyewe, lakini maneno yale hakuyasahihisha. Yako kwenye kila siku. Jumatatu, Jumanne, Jumapili, sikukuu zote, Januari mpaka Desemba: Leo mimi ogopa.

Nalisoma kila asubuhi na chai, ukurasa mmoja. Jana Kerubo alisimama nyuma yangu akanisomea kwa sauti, akacheka.

"Mwaka mzima huyo mzee atakuogopea?"

"Mwaka mzima," nikasema.

"Na mwaka ujao?"

Niliweka kikombe chini. Sikuwa nimefikiria mwaka ujao.